Kifo cha kujiua si laana ya ukoo

Katika baadhi ya jamii za magharibi mwa Kenya, aliyejiua huzikwa haraka, pengine usiku, bila matanga, eti laana isiwarudie walio hai. Naielewa hofu hiyo. Nani anataka kuzika tena? Lakini laana haipo. Kinachoweza kuwaandama jamaa ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito ambao mwelekeo wa kuupata huweza kurithiwa, na majonzi yaliyofungiwa kifuani. Mama hukesha akijiuliza, “Ningefanya nini?” na hana wa kumsikiliza, kwa kuwa jina la mwanawe halitajwi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kulizungumzia jambo hili hakumtii mtu wazo la kujiua. Basi matanga yakaliwe kama ya marehemu yeyote, na watoto waambiwe ukweli kwa maneno wanayoyamudu.