Je, wajua kuwa faili uliyoifuta bado imo kwenye kompyuta?

Ofisi imenunua kompyuta mpya. Za zamani zimerundikwa stoo, na kijana wa IT anawatoa watu hofu: ameshafuta kila kitu, hata pipa la taka amelimwaga. Wiki ijayo wafanyakazi watauziwa kwa bei ya kutupa, na zitakazobaki zitachukuliwa na wauza kompyuta za mtumba. Mbona basi ni mapema mno kutulia?

Chukua mfano wa nyumba ya wageni. Mhudumu amelikata jina la mgeni kwenye daftari, lakini mgeni mwenyewe bado amelala chumba namba 7. Kwa mujibu wa daftari, chumba ni kitupu. Ukigonga mlango, utaitikiwa. Kompyuta nayo ndivyo ilivyo. Ukifuta faili, kinachoondoka ni maandishi yanayoonyesha faili ilipo, na nafasi ile huhesabiwa kuwa wazi. Kwa kawaida yaliyomo hayaguswi mpaka faili nyingine ije kuandikwa juu yake, na hilo laweza lisitokee kabisa. Kufomati kwa haraka, yaani kuandaa upya sehemu ya kuhifadhia data kwa njia ya mkato, ni kufungua daftari jipya tu, wageni wote wamo vyumbani. Programu za kuwagongea hupatikana bure mtandaoni.

Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa chuo cha MIT, Marekani, walieleza walichokuta kwenye diski 158, vile vifaa vya ndani ya kompyuta vinavyohifadhi data, walizonunua zikiwa zimeshatumika. Zilizofanya kazi zilikuwa 129, na kati ya hizo 12 tu ndizo zilizosafishwa sawasawa. Walikuta maelfu ya namba za kadi za benki. Diski moja ilielekea kuwa imetoka kwenye ATM!

Dawa hutegemea aina ya diski. Zile zenye sahani zinazozunguka, ziandikwe sifuri kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mara moja yatosha. Ile habari ya kurudia mara 35, ambayo mafundi wengine bado wanaishikilia, ilitokana na makala ya Peter Gutmann ya 1996 kuhusu diski za enzi hizo. SSD, yaani diski zisizo na sahani, zinazohifadhi data kwenye chipu, ni mambo mengine. Yenyewe huhamishahamisha data ili chipu zake zisichakae upande mmoja, kwa hiyo ukidhani umeandika juu ya faili ya zamani, kumbe umeandika pembeni. Sumaku haiitishi, maana haihifadhi kitu kwa sumaku. Nyundo nayo ni ya kupunguza hasira: ukipasua kasha chipu ikabaki nzima, hujafanya kitu. Tumia amri ya kufutia aliyoiweka mtengenezaji ndani ya diski. Bora zaidi, data yote isimbwe, yaani igeuzwe isisomeke bila ufunguo wa siri, tangu siku ya kwanza, ili siku ya kuachana nayo uharibu ufunguo tu. Diski iliyokufa isiyopokea amri haina budi kusagwa.

Na fotokopi? Nyingi za ofisini zina diski ndani, nayo huweza kubaki na picha za kurasa zilizopita. Mwaka 2013 kampuni ya bima ya afya ya New York, Affinity Health Plan, ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 1.2 kwa kurudisha fotokopi za kukodi bila kuzisafisha diski.

Kumpa mtu mwingine kazi hiyo ya kusafisha hakukuondolei dhamana. Benki ya Marekani, Morgan Stanley, iliwakabidhi vifaa vyake vya zamani wahamisha mizigo wasio na ujuzi wa kuharibu data, na baadhi ya vifaa vikaishia kwenye mnada wa mtandaoni vikiwa bado na taarifa za wateja. Mwaka 2022 mdhibiti wa masoko ya mitaji wa Marekani aliitoza faini ya dola milioni 35. Kwetu pia, sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, humbana aliyezikusanya taarifa. Kwa hiyo hati ya makabidhiano isiandikwe “kompyuta 20”. Iandikwe namba ya kila diski, maana kompyuta moja yaweza kuwa na diski mbili, na ya pili ndiyo husahaulika.