Je, wajua kwa nini mwenzako wa mauzo hukukwapulia mteja mwisho wa mwezi?

Wiki ya kwanza mnapeana namba za wateja vizuri tu. Siku tatu kabla ya mwezi kufungwa, mteja uliyemfuatilia kwa majuma mawili anaibuka kwenye ankara ya mwenzako. Wengi huita hiyo roho mbaya. Mara nyingi jibu limo kwenye hesabu ya kamisheni.

Chukua mfano huu: lengo ni bidhaa 100 kwa mwezi, usipolifikia unalipwa 3% ya mauzo, ukilifikia unalipwa 5% ya mauzo yote. Aliyeuza 99 anapata kiasi kinacholingana na bei ya bidhaa 2.97. Akiuza moja zaidi, anapata bei ya bidhaa 5. Yaani hiyo ya 100 peke yake inamwingizia zaidi ya mara mbili ya bei yake! Hapo hata muungwana atamtupia jicho mteja wako.

Ubao wa matokeo nao huchochea moto. Zawadi ikiwa ya mshindi wa kwanza tu, njia za kushinda ni mbili: kuuza zaidi, au kuhakikisha mwenzako anauza kidogo. Mwanauchumi Edward Lazear alilieleza hili mwaka 1989: malipo yakitegemea nafasi ya mtu mbele ya wenzake, na pengo kati ya mshindi na mshindwa likiwa kubwa, watu huacha kusaidiana, wengine wakafikia kuhujumiana.

Lakini usimchanganye mshindani na mkwapuzi. Anayepiga simu 40 kwa siku na kuwauzia wateja wake mwenyewe hajakukosea, hata akitamba. Mwulize humjibu nini mteja anayelalamikia bei. Wenye kutamba hupenda kuulizwa, nawe utapata mafunzo ya bure.

Kwa anayegusa wateja wako, kinga ni kumbukumbu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mteja ni mali. Andika siku hiyohiyo jina lake, namba, tarehe mliyozungumza, bei uliyompa, na hatua inayofuata ikiwa na tarehe yake. Hiyo ya mwisho ndiyo wengi huiacha, na ndiyo inayowaponza, kwa kuwa jina lisilo na hatua huonekana limetelekezwa. Upande wa pili wapo wanaoandikisha majina 200 wasiyoyapigia simu. Huko ni kuhodhi, na meneja akigundua, hata dai lako la haki halitasikilizwa.

Ukikuta mteja ameguswa, mwone mwenzako faragha, leo au kesho, kwa maneno machache: "Nimeona jana umempa bei mteja huyu. Nilimtembelea tarehe 12, tukapanga nirudi tarehe 20. Tufanyeje?" Usimwite mwizi, huenda mteja alipiga simu ofisini na yeye ndiye aliyeipokea. Mkikubaliana kugawana kamisheni, nusu kwa nusu au 70 kwa 30 kulingana na kazi ya kila mmoja, mwandikieni meneja kabla ankara haijatolewa. Ikishatoka, fedha imepata mwenyewe na ahadi ya mdomo husahaulika haraka ajabu.

Kosa la gharama kubwa kuliko yote ni ninyi wawili kushushiana bei mbele ya mteja mmoja. Bidhaa inayouzwa 100 ikiwa na faida ya 25, punguzo la 10% linameza 40% ya faida hiyo. Mteja naye ameshajua dawa yenu: mwezi ujao atawapambanisha tena.

Likijirudia, nenda kwa meneja ukiwa na tarehe, tabia za mtu ziache. Usiombe aadhibiwe, omba kanuni iandikwe: mteja ni wa nani, anarudi kwa wote baada ya siku ngapi bila mawasiliano, na nani huamua mkivutana. Siku 30 zinaweza kutosha kwa bidhaa zinazotoka haraka. Mikataba inayochukua miezi inahitaji 90 au zaidi. Ukipata nafasi, gusia na kamisheni yenyewe: ile 5% ilipwe kwa mauzo yanayozidi lengo tu. Hapo bidhaa ya 100 italipa 3% ya bei yake kama zile 99 zilizotangulia, na ya 101 italipa 5%. Si kitu cha kumkesha mtu tarehe 29 akimwinda mteja wako.