Aliyechora maji na moshi naye huongoza filamu

Wengi huamini kwamba mwongozaji wa filamu ya katuni lazima awe amepanda ngazi kwa kuchora wahusika, na kwamba wachoraji wa efekti, yaani maji, moto, moshi na vivuli, ni wapambaji tu. Si kweli hata kidogo. Mmarekani Mark Dindal alianzia kwenye efekti katika studio ya Disney, akasimamia zile za The Little Mermaid (1989), filamu ya katuni kuhusu nguva. Humo mapovu yalichorwa kwa mkono: kila moja lipande, liyumbe, litoweke, kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde. Kazi hiyo, naamini, humnoa mtu kuhusu mwendo na wakati kuliko darasa lolote. Baadaye aliongoza The Emperor's New Groove (2000) na Chicken Little (2005).