Kwa nini ndege iliyoundwa nyumbani hairuhusiwi kubeba abiria katika saa zake 40 za kwanza?

Mtu amemaliza miaka sita gerejini akikata bati, akitoboa matundu na kupiga ribiti moja moja. Siku ndege inapokamilika, watoto wako mlangoni wakigombania nani atapanda kwanza. Huko Marekani, ambako ndege nyingi za aina hii huundwa, jibu ni moja kwa wote: hakuna. Ndege itaruka bila abiria, ndani ya eneo ililopangiwa, hadi itimize saa 40 za majaribio. Ikiwa injini na propela yake ni jozi iliyokwisha kuidhinishwa, saa hupungua hadi 25.

Mtu anaweza kuona huko ni kumsumbua fundi wa watu. Ramani ilichorwa na mhandisi anayejua kazi yake, na pengine ndege mamia za ramani hiyohiyo zinaruka kila wikiendi. Sasa hii moja inajaribiwa nini?

Inajaribiwa mkono wa aliyeiunda. Kiwandani ndege hutoka kwenye vielekezo vilevile, yaani vishikizo vinavyoweka kila kipande mahali pake, na kila hatua ina mkaguzi. Ukiwapa mafundi kumi ramani moja, kila mmoja na gereji yake, utapata ndege kumi zinazofanana kwa mbali tu. Mmoja atazidisha gundi, mwingine atapitisha bomba upande wa pili kwa sababu aliona ni rahisi zaidi.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa mwimbaji John Denver. Oktoba 12, 1997, alianguka baharini karibu na Pacific Grove, California, akiwa peke yake katika Long-EZ, ndege iliyobuniwa na mhandisi Mmarekani Burt Rutan. Hakuwa mgeni wa anga, kwani alikuwa na zaidi ya saa 2,700 za urubani. Lakini ndege hiyo hakuiunda yeye. Aliinunua, na alikuwa amekabidhiwa siku moja tu kabla.

Katika ramani ya Rutan, valvu ya kuchagua tangi la petroli iko kati ya miguu ya rubani. Aliyeunda ndege ile hakupenda mabomba ya petroli yapite alipokaa rubani, akaihamishia nyuma ya bega la kushoto. Ukiwa umesimama gerejini, wazo hilo lina mantiki kabisa. Angani, kuifikia valvu kulimaanisha kuachia fimbo ya kuongozea, kujipinda na kupeleka mkono nyuma. Wachunguzi walibaini kwamba mtu akijipinda hivyo, mguu wake wa kulia husukuma pedeli bila yeye kutaka. NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, ilihitimisha kwamba ndivyo ilivyokuwa: rubani alikuwa akihangaika na valvu, pedeli ikakanyagwa, ndege ikamponyoka. Bodi ilitaja pia kwamba hakuongeza petroli kabla ya kuruka, kwamba vipimo vya petroli havikuwa na alama, na kwamba hakuwa amezoezwa vya kutosha kwa ndege ya aina ile.

Ndege hiyo ilikuwa imeshavuka majaribio yake zamani. Kwa hiyo saa 40 zenyewe hazina uchawi. Rubani anayezunguka juu ya uwanja akisubiri saa ziishe amechoma petroli, basi. Ndiyo maana siku hizi mamlaka ya anga, FAA, inaruhusu pia njia ya pili: kutimiza orodha ya majaribio badala ya kuhesabu saa. Na tangu 2014 rubani wa pili mwenye sifa anaweza kuketi pembeni kusaidia, ila huyo hahesabiwi kuwa abiria.

Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla magurudumu hayajaacha ardhi, na inayostahili uvumilivu kuliko zote ni njia ya petroli. Ndege huegeshwa pua ikiwa juu, kwa mwinuko mkali kuliko ule itakaopanda nao, kisha bomba hufunguliwa karibu na kabureta na petroli hupimwa kwenye chombo kwa muda maalumu. Ikiwa petroli hushuka kwa uzito wake tu, inatakiwa itoke asilimia 150 ya kile injini inachokunywa ikiwa na nguvu zote. Ikiwa inasukumwa na pampu, asilimia 125. Mbona kuinua pua? Kwa sababu mara tu baada ya kupaa injini ina kiu kuliko wakati wowote, na ndipo mwinuko huweza kupunguza mtiririko, huku chini hakuna nafasi ya kutua.

Kisha kuna uchafu ambao fundi aliuacha mwenyewe: vumbi la msasa, vipande vya gundi ya kuzibia tangi, vinyweleo vya nyuzi za kioo. Ndege ikisimama vinatulia. Ikitikisika angani vinaanza safari kuelekea kwenye chujio. Katika saa za mwanzo chujio hufunguliwa mara kwa mara, na kinachopatikana humo huwa kinaaibisha.

Maji nayo ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini kabisa ya tangi. Kabla ya kila safari rubani huchota kidogo kutoka sehemu ya chini na kukitazama kwenye chupa angavu. Hapa kuna mtego. Maji na petroli vikiwa pamoja utaona mstari unaovitenganisha. Lakini chupa ikijaa maji matupu, hakuna mstari. Kinaonekana kitu safi, na mwenye haraka atatikisa kichwa kwa kuridhika. Petroli ya ndege iitwayo 100LL hutiwa rangi ya buluu, kwa hiyo weupe tu unatosha kukushtua. Anayetumia petroli ya gari asitegemee rangi, anuse.

Nati na bolti ni suala fupi ila halina msamaha. Nati ikishakazwa hupakwa mstari wa rangi unaovuka hadi kwenye bolti. Mstari ukikatika, nati imegeuka. Bolti huingizwa kichwa kikiwa juu au mbele panapowezekana, ili hata nati ikianguka, bolti isichomoke. Na palipo na kiungo kinachozunguka, nati ya kawaida haiaminiwi: huwekwa ile yenye pini inayopenya katikati.

Kosa ambalo wengi hawaamini kwamba linatokea ni kufunga nyaya za eleroni kinyume. Eleroni ni vile vipande vya nyuma ya mabawa vinavyopanda na kushuka ili ndege ilale upande. Fundi akizikosea, fimbo itakwenda laini kabisa, haitakwama popote, na ndege italala kulia anapotaka kushoto. Marubani wana dawa yake: shika fimbo dole gumba likiwa juu, ilaze upande mmoja, na dole gumba litaelekea bawa ambalo eleroni yake inapaswa kuwa imepanda. Kisha geuza shingo utazame kweli.

Angani kinachotafutwa ni tarakimu za ndege hiyo yenyewe. Akiwa kwenye kimo salama, rubani huipunguzia mwendo taratibu hadi mabawa yaache kubeba, na husoma kipimo. Bomba la hewa la kipima mwendo likiwekwa mahali pasipofaa au likivuja, kipimo kitadanganya, na tarakimu ya kwenye ramani itakuwa ya ndege ya mtu mwingine. Jambo hili lina uzito kwenye kona ya mwisho kabla ya kutua: ndege ikilala nyuzi 60 huku ikishikilia kimo chake, mwendo ule wa hatari hupanda kwa asilimia 41.

Majaribio yakiisha, ndege hukaguliwa yote kila baada ya miezi 12. Aliyeiunda anaweza kupewa cheti cha kuikagua mwenyewe, maana ndiye anayejua kilicho nyuma ya kila ubao. Akiiuza, cheti hakimfuati mnunuzi.

Watoto nao hatimaye hupanda. Mlangoni watakuta neno EXPERIMENTAL kwa herufi za kama sentimita 5, na ndani, mbele ya macho yao, kibao kilichowekwa kwa amri ya sheria kikisema kwamba ndege hii imeundwa na mtu asiye wa kiwanda na haikufuata kanuni za usalama za ndege za kawaida.