Miamba geu haikuyeyuka

Juzi tena, saiti moja huko Goba, kijana aliokota kokoto ya Lugoba yenye mistari myeusi na myeupe, akanionyesha: "Mzee, hili liliyeyuka, likaganda." Nayasikia haya kwa mafundi, kwa madalali wa viwanja na, kinachoniuma zaidi, kwa watoto waliofundishwa hivyo darasani. Kokoto hiyo ni ya miamba geu. Ingeyeyuka ingekuwa miamba ya moto, na tusingehitaji kundi la tatu, baada ya miamba ya moto na ya mashapo.

Mwamba huzikwa kilomita nyingi chini, hupata joto na mgandamizo, na madini yake hujipanga upya huku wenyewe ukiwa mgumu vilevile. Basi.

Watu wa Pwani ndio wangekuwa wa kwanza kuelewa. Tangu enzi za Kilwa tumechoma matumbawe tupate chokaa, na hakuna mchoma chokaa aliyeona jiwe likitiririka tanurini. Likikaribia nyuzi 900 linatoa kaboni dioksidi, linabaki jeupe na jepesi, na ukilimwagia maji linachemka. Sasa chukua mwamba wa chokaa kama wa Wazo Hill, uuzike kilomita 20 chini. Joto lipo, ila mgandamizo unaizuia ile hewa isitoke. Fuwele ndogo za kalisaiti, madini ya chokaa, zinamezwa na jirani zao, zinakua, na alama za makombe zinafutika. Hapo umepata marumaru, nasema jiwe lenyewe, si vigae vya sakafuni, kama ile ya Matombo na Mahenge inayotoa vito vya rubi na spineli.

Na mistari ya kokoto? Si lazima iwe matabaka ya mchanga wa zamani, kosa jingine hilo. Kokoto hii ni naisi, mwamba geu wa mistari. Iliposukumwa, ulanga, madini ya vipande vyembamba vinavyong'aa, ulilala upande mmoja, felspa na kwazi, madini meupe, zikajitenga. Ishike juani uizungushe polepole: vipande vya ulanga vinang'aa vyote kwa pamoja, kisha vyote vinazimika.

Vitabu vya shule vinanyamaza hapa: kuanzia nyuzi 650 hivi, maji yakiwepo, sehemu nyeupe ya naisi huanza kuyeyuka kweli, nyeusi ikabaki. Mwamba huo, migmataiti, ni geu au ni wa moto? Wapeleke wanajiolojia wawili mbele ya ukuta mmoja wa machimbo, watabishana hadi jua lizame, na wote watakuwa na hoja. Hata kujua kama naisi ilianza ikiwa granaiti au tope la baharini ni kazi. Mara nyingi macho hayatoshi, na majibu ya maabara nayo wakati mwingine yanaruhusu yote mawili.

Kwa hiyo ukiniletea jiwe jeusi lenye mishipa myeupe iliyojikunjakunja, ukasema sehemu yake iliyeyuka, nitakaa tuzungumze. Ile kokoto niliyoonyeshwa Goba, ulanga wake umelala wote upande mmoja, hapana.