Mlio wa "kong" si lazima uwe difu

Ukimiliki Datsun 240Z ya zamani hapa Kampala, gari la aina aliyoshindia Safari Rally mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa jiji hili, utaambiwa hivi: likigonga "kong" unapoachia klachi, difu, yaani gia za nyuma zinazogawa nguvu kwa magurudumu, imekufa. Mara nyingi si kweli.

Kila shafti ya gurudumu la nyuma ina krosi mbili, yaani viungo vya umbo la msalaba vinavyoiruhusu kujikunja, na propela, shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu, ina zake. Ndani ya vikombe vya krosi mna sindano nyembamba za chuma. Grisi ikikauka au maji yakiingia, sindano huchimba mifereji kwenye krosi, nayo huanza kucheza. Grisi mpya haizibi mifereji hiyo, hata ukishindilia kopo zima.

Inua gari, liweke juu ya stendi, kisha zungusha shafti huku na huku. Ikicheza kwenye krosi, au ukiona unga wa kutu kandokando ya kikombe, anzia hapo kabla ya kugusa difu.

Ukibadilisha krosi, tia alama kabla ya kufungua, shafti irudi ilivyokuwa. Vikombe visukume kwa jiriwa. Sindano moja ikilala, krosi mpya haikai. Ndiyo maana nyundo haifai; kwa bahati mbaya, ndiyo mafundi wengi huikimbilia.