Mtoto kaandikishwa sekondari, sasa tuangalie anapata nini humo darasani

Kwenye kazi hii ya kudhibiti ubora wa elimu tunaingia sana madarasani, unakaa zako kule nyuma unaangalia somo linavyokwenda, na kuna kitu tunakikuta karibu kila sekondari. Mwalimu anauliza swali, mikono mitatu minne inanyooka, mingi ni ya walewale waliokaa mbele, mmoja anasimama anajibu vizuri, mwalimu anasema safi sana na topiki inasonga. Kipindi kikiisha unakuta darasa la wanafunzi 50 limeendeshwa na wanafunzi 6, hao wengine walikuwepo tu.

Watu wakisikia usawa katika elimu wanawaza ada, umbali, madawati na vyoo vya wasichana, na wako sahihi, hayo yanatangulia. Na yanatatulika kabisa. Jimbo la Bihar kule India lilianza mwaka 2006 kuwapa baiskeli wasichana wanaoingia sekondari, watafiti walipokuja kulinganisha na jimbo jirani wakakuta uandikishaji wa wasichana umepanda kwa karibu asilimia 30, na waliofaidika zaidi ni wale wa vijiji vilivyo mbali na shule. Lakini baiskeli inamfikisha mtoto getini, kuanzia hapo ni kazi yetu walimu, wakuu wa shule na wazazi, na hapo ndipo watoto wengi wanapotupotea huku daftari la mahudhurio linaonyesha wapo.

Turudi kwenye yale maswali. Miaka ya 1970 mtafiti mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, alirekodi vipindi vingi vya sayansi akapima mwalimu akishauliza swali anasubiri muda gani kabla hajamtaja mtu au hajajibu mwenyewe, akakuta ni kama sekunde 1 hivi. Sekunde moja! Mtoto anayefikiri taratibu, au anayesoma kwa lugha asiyoizungumza nyumbani, hapo hata swali hajamaliza kulielewa. Walimu wakizoeshwa kusubiri sekunde 3 au zaidi majibu yanakuwa marefu, wanaosema sijui wanapungua, na wale waliokuwa wanaonekana wazito wanaanza kuchangia. Hii haina gharama yoyote, haisubiri bajeti. Uliza swali kwanza, nyamaza, darasa zima lifikirie, halafu ndiyo utaje jina. Ukitaja jina kabla ya swali umeshawaruhusu wengine wote wapumzike. Majina yaandikwe kwenye vikaratasi uwe unaokota, maana bila hivyo jicho linarudi palepale mbele hata kama nia yako ni njema.

Jambo la pili ni daftari. Chukua daftari la hesabu la mwanafunzi yeyote wa kawaida uone kilichoandikwa kwa peni nyekundu, utakuta 38% na chini yake "ongeza bidii". Sasa huyu mtoto bidii aiongeze wapi? Lingine limesahihishwa hivi: "Umeanza vizuri, kosa liko mstari wa 3, ulipohamisha -7 kwenda upande wa pili hukubadilisha alama yake. Rudia namba 4 na 5 uniletee kesho." Huyu wa pili anajua cha kufanya leo jioni. Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti wa wanafunzi waliogawanywa makundi matatu, wengine wakapewa maksi tu, wengine maelezo tu, wengine vyote viwili, na waliosonga mbele ni waliopewa maelezo tu. Wale wa maksi na maelezo pamoja hawakusonga, maana mtoto akishaona maksi anafunga daftari. Najua mwalimu ana madaftari mengi na hawezi kuandika hivyo kila siku kwa kila mtu, lakini kwa kazi moja kwa wiki, kwa watu 10 kwa zamu, inawezekana.

Halafu kuna suala la kusahau. Wanafunzi wetu wengi wakiambiwa wasome wanarudia notsi mara nne tano mpaka ziwe kama wimbo, wanajiona wameiva. Mwaka 2006 watafiti wawili, Roediger na Karpicke, walipima hilo kwa wanafunzi wa chuo, baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikumbuka zaidi, ila baada ya wiki moja waliokuwa wamefunga kitabu na kujaribu kukumbuka wenyewe ndio waliofanya vizuri. Kwa hiyo anza kipindi na maswali matano mafupi, mawili ya jana, mawili ya wiki iliyopita, moja la muhula uliopita, wasahihishe wenyewe palepale bila kupangwa nafasi wala kutangazwa nani kawa wa mwisho.

Haya mambo ya mbinu yanahusu usawa moja kwa moja. Mtoto asiyeelewa darasani, kama kwao kuna hela anaenda tuisheni, pengo linazibwa. Kama hakuna, pengo linabaki, mwezi ujao topiki nyingine inajengwa juu ya pengo hilohilo, na mwisho wa mwaka tunasema hana akili. Kadiri kipindi cha kawaida kinavyofundishwa vibaya ndivyo matokeo yanavyofuata mfuko wa mzazi, hata shule ikiwa bure.

Kwa sababu hiyohiyo mimi siungi mkono kugawa mikondo kwa ufaulu halafu walimu wazuri wote wanapelekwa mkondo wa kwanza. Kati ya 1972 na 1977 Finland iliacha kutenganisha watoto wakiwa na miaka 11 hivi, ikawaweka pamoja mpaka 16, na watafiti baadaye wakakuta kipato cha mtoto ukubwani kimepunguza kufuata kipato cha baba yake. Kuwakusanya wiki mbili waliokwama kwenye sehemu moja ni sawa kabisa, ila kuwafungia humo miaka minne hapana.

Mwisho wazazi, mkiletewa asilimia ya ufaulu msiishie hapo. Shule inaweza kusema wamefaulu 90 kati ya 100, kumbe mwaka wa kwanza waliingia 160. Hao 60 wako wapi? Wengine walihama, sawa, lakini wengine walikariri darasa mpaka wakakata tamaa, wengine walipata mimba wakaishia nyumbani, wengine wana ulemavu na hakuna aliyewawekea mazingira. Kwenye kikao kijacho ombeni namba hizo mbili, walioanza na waliofanya mtihani wa mwisho, wasichana na wavulana wakiwa mbalimbali, halafu mwombeni mkuu wa shule aseme waliokosekana wamefuatiliwa vipi na nani.